Gari Jekundu na Mgeni Rasmi

Ilitokea, wala si zamani sana, katika nchi ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu bado naishi humo na sina pengine pa kwenda. Ni nchi nzuri. Ina wimbo, ina bendera, na ina Wizara ya Sherehe na Maafa. Hapo mwanzo zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa baada ya mtaalamu mmoja kugundua kwamba zote mbili hutumia maturubai yale yale.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoanza kazi kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi. Haikuandikwa kwenye sheria yoyote. Ni adabu, na adabu kwetu haina rufaa. Daraja lisilozinduliwa, watu hulipita kwa chini, ndani ya maji, viatu mkononi, na daraja lenyewe liko juu yao limefungwa utepe. Pale Ngerembwe, mji wangu, tuna kisima kirefu chenye pampu mpya inayong'aa. Akina mama hukipita na ndoo zao kwenda mtoni, nacho kimefungwa utepe uliokwisha kupauka kwa jua. Hospitali yetu ina chumba kizuri cha kujifungulia ambacho nacho kinangoja. Watoto wanazaliwa kwenye korido, tena wanazaliwa vizuri tu, maana hawajaambiwa.

Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani naongea kwa wivu. Cheo ninacho, na watu wengi wamekaa vizuri kwa sababu yangu.

Kiangazi cha mwaka juzi tuliletewa gari la zimamoto, la kwanza tangu mji uwe mji. Lilikuwa jekundu, lina ngazi mgongoni, na lilizungushiwa utepe kuanzia taa za mbele mpaka kwenye bomba la nyuma, na fundo lake likatengenezwa mfano wa ua. Liliegeshwa mbele ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Bwana Kitundu. Lilikuja na dereva wake, mtu mpole aitwaye Mwinshehe, ambaye kazi yake ilikuwa kulifuta vumbi kila asubuhi bila kuingia ndani. Kiti cha dereva kilikuwa bado na nailoni ya kiwandani, na Mwinshehe alikuwa akikitazama kupitia kioo kama mtu anayetazama sahani ya jirani.

Kisha Mlima Kibwe ukashika moto.

*

Nani aliuwasha, haikujulikana. Wengine walisema ni warina asali, wengine wakasema wachoma mkaa. Bwana Kitundu alisema ni watu wasiopenda maendeleo, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kusema kwamba anayapenda, wote tukawa watuhumiwa.

Wa kwanza kufika ofisini alikuwa Bi Nyamizi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, chini ya mlima, juu kidogo ya uwanja wa mikutano. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtoa kwenye nyumba ya ndoa, wakang'oa hata mlango ili asirudi. Akaja huku na mtungi na jembe. Udongo wa kuta aliukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, nyasi za paa alizikata mwenyewe, na mlango akaupaka rangi ya bluu, kwa sababu safari hii mlango ulikuwa wake. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Nilikuwapo ofisini siku hiyo, nimekwenda kuulizia vitambaa vya viti.

“Mheshimiwa,” alisema Nyamizi, “moto unashuka kwangu. Naomba lile gari lije.”

“Mama, gari umeliona?”

“Nimeliona.”

“Umeona lina nini?”

“Lina utepe.”

“Basi umejijibu mwenyewe,” alisema Bwana Kitundu, na akamwonea huruma kwa macho, kama walivyofundishwa kwenye semina. “Nimeshamwandikia Mheshimiwa Waziri aje azindue. Waambie majirani wawe na subira. Moto nao uwe na subira.”

Mheshimiwa Waziri wa Sherehe na Maafa alikuwa kaskazini ya nchi akizindua matundu ya choo cha shule. Yalikuwa matundu mengi na alikuwa akizindua moja moja, kila moja kwa hotuba.

*

Tukaanza maandalizi. Kamati ziliundwa mpaka watu wakaisha: ya mapokezi, ya chakula, ya ngoma, ya kwaya, ya kamati nyinginezo. Kwaya ilifanya mazoezi uwanjani ikiimba “Karibu Mgeni Wetu, Uzime Moto Wetu” huku moto wenyewe ukionekana nyuma yao, jambo ambalo mwalimu wao alisema linawasaidia kuimba kwa hisia.

Moshi ulishuka mjini. Kwa kipaza sauti Bwana Kitundu alitangaza kwamba ule ni ukungu wa kawaida wa msimu, ingawa msimu huo kwetu haujawahi kuwa na ukungu. Waliokuwa na kikohozi waliombwa wakohoe kwa kupokezana, wasije wakaonekana kama wanaandamana. Majivu yalidondokea kwenye maandazi sokoni. Mama ntilie wakafunika kwa kanga, yakapenya, wakaacha kufunika. Swala walikimbia mlimani wakapita kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao bila kusimama, na askari wa kizuizini akapewa onyo kwa kuikosesha halmashauri mapato.

Mimi nilikuwa na msiba wangu. Nilishavipanga viti vya meza kuu, nikavivalisha vitambaa vyeupe, nikaenda kula. Kurudi nikakuta kundi la nyani lililokimbia moto limekaa juu yake. Mshereheshaji alikuwa ameshawakaribisha na kuwapa soda. Walikuja mapema, wakakaa kwa utaratibu, hawakusema lolote la maana, akadhani ni ujumbe wa utangulizi kutoka makao makuu. Nilimnong'oneza kwamba wale ni nyani. Akaniuliza kama nina uhakika, na mimi nikatazama mara ya pili kabla ya kumjibu.

*

Ikaja habari kwamba Waziri yuko njiani, na kwamba amevaa suti nyeupe.

Barabara ya kutoka lami mpaka uwanjani ni vumbi tupu. Bwana Kitundu alitafakari, kisha akaagiza barabara yote imwagiwe maji. Maji ya karibu yalikuwa ndani ya gari la zimamoto. Tukamkumbusha kwamba gari halijazinduliwa. Akatueleza kwa uvumilivu kwamba gari ni jipya lakini maji ni ya zamani, yametoka mtoni, yameshatumiwa na samaki, kwa hiyo hayahitaji kuzinduliwa. Watu wa mgambo wakapanga mstari na ndoo wakakinga kwenye bomba la nyuma, wakipitisha mikono chini ya utepe kwa uangalifu mkubwa, na barabara ikaanza kunukia kama baada ya mvua ya kwanza.

Nyamizi alikuja na majirani zake. Kanga yake ilikuwa imetoboka kwa cheche.

“Mheshimiwa, basi gari libaki. Tupeni hizo ndoo.”

“Mama, haya ni maji ya itifaki.”

“Moto umefika kwenye mihogo.”

“Na msafara umefika kwenye lami,” alisema Bwana Kitundu. “Kila mtu na shida yake.”

Nyamizi aliitazama barabara iliyolowa, akaitazama suruali ya Bwana Kitundu iliyopigwa pasi, akatema mate chini, kwenye vumbi ambalo lilikuwa bado halijafikiwa. Kisha akageuka, na majirani wakamfuata. Walivunja matawi mabichi njiani. Wenye majembe wakalima ukanda kuizunguka nyumba, wenye matawi wakaupiga moto kila ulipojaribu kuuvuka. Mimi sikwenda, nilikuwa nalinda viti na nyani. Lakini kutoka uwanjani niliwaona, watu wadogo weusi mbele ya ukuta mwekundu, wanapiga, wanarudi nyuma, wanapiga tena. Nasema kweli yangu, nilitamani kulia, na haukuwa moshi.

Asubuhi mlima mzima ulikuwa mweusi. Mashamba hayakuwapo, mizinga haikuwapo. Katikati ya weusi wote ule ilibaki nyumba moja yenye mlango wa bluu, na paa lake la nyasi halikuguswa. Nyamizi alikuwa amekaa kizingitini, nyusi zimeungua, anakunywa uji.

*

Msafara ulilala kwenye lami kwa chakula cha usiku, na barabara ikamwagiwa maji mpaka alfajiri. Sasa ving'ora vikasikika. Kwetu king'ora kina maana moja tu: mgeni rasmi anafika. Ng'ombe wanajua hivyo, hutoka barabarani wenyewe. Watoto wachanga wakikisikia hunyamaza, na askari hupiga saluti hata kama amelala. Msafara ukaingia bila chembe ya vumbi. Waziri akavalishwa skafu, akatazama ngoma, akatingisha bega moja kwa kiasi kinachostahili cheo chake, akapanda jukwaani.

“Itifaki imezingatiwa,” alianza. “Ndugu wananchi, moto ni adui. Nimeacha matundu saba ya choo nyuma yangu, nimekuja kuongoza mapambano. Nionyesheni moto uko wapi.”

Tukatazamana. Bwana Kitundu alisogea na kumnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi.

“Umezimika, Mheshimiwa.”

“Umezimika kwa idhini ya nani?”

“Ni wananchi, Mheshimiwa. Walitumia matawi.”

“Matawi,” alisema Waziri, na nadhani hajawahi kutukanwa vile. “Nimesafiri na waandishi wa habari na kamera tatu. Nizindue gari la kuzima moto mahali pasipo na moto? Watapiga picha ya nini?”

Palihitajika moto wa mfano. Bwana Kitundu aliwatuma mgambo watafute nyasi, wakarudi mikono mitupu. Kilichokuwa cha kuungua kilishaungua. Ikapendekezwa mipira ya magari, lakini moshi wake ungechafua suti. Waziri akatazama saa. Bwana Kitundu akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo, mpaka macho yake yakapanda juu ya uwanja, yakatua kwenye paa la nyasi.

Nyamizi aliitwa. Alidhani anaitwa kupongezwa. Hata kanga alikuwa amebadilisha.

“Mama, hongera,” alisema Bwana Kitundu. “Nyumba yako imechaguliwa.”

“Imechaguliwa kufanya nini?”

“Itashika moto kidogo, kwa heshima ya mgeni. Gari litazima papo hapo. Utakuwa mwananchi wa kwanza nchini kuokolewa nyumba na gari la serikali.”

“Nyumba yangu imeshaokolewa.”

“Na nani?”

“Na hawa,” alisema, akawaonyesha majirani zake waliosimama nyuma ya kamba, mikono imefungwa matambara.

“Mama, hao hawakuzinduliwa,” alisema Bwana Kitundu kwa upole. “Na tuseme ukweli. Moto ule ulikuwa unakuja kwako. Kama usingeuzuia, nyumba hii ingekuwa imeshaungua, na sasa hivi usingekuwa na cha kubisha.”

Nyamizi alisema hapana. Alisema mara nyingi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na kila alipoisema mshereheshaji aliomba makofi ya kilo, ili mgeni asisikie.

*

Gari lilikuwa limesukumwa kwa mikono mpaka uwanjani, maana lisilozinduliwa haliendeshwi. Mkasi uliletwa juu ya mto mdogo wa hariri. Kiberiti kikaletwa juu ya mto wa pili. Waziri akakata utepe, mgambo akawasha paa, na vyote viwili vikafanyika kwa wakati mmoja, kama ratiba ilivyotaka. Nyasi za kiangazi hazibembelezwi. Dereva Mwinshehe alikuwa amenyoosha mkono juu tangu mwanzo, anataka kusema neno, lakini ratiba haikuwa na nafasi ya mkono wa dereva. Akaamriwa azime.

Akavuta mpira, akafungua koki. Mpira ukajinyoosha, ukakoroma, ukatema tope kidogo na chura mmoja mzima, ambaye alitutazama kisha akaenda zake. Maji yote yalikuwa barabarani. Kuyarudisha kulisahauliwa na kila kamati, kwa kuwa katika kamati zote hapakuwa na Kamati Ndogo ya Maji.

Majirani wakakimbia na matawi yao. Askari wakawazuia kwenye kamba, wakawaambia mbele pale ni eneo la maonyesho. Kwaya, ambayo haikupewa ishara nyingine, ikaanza kuimba. Paa likaingia ndani. Mlango wa bluu ulisimama peke yake kwa muda, umefungwa, hauna kitu nyuma yake, halafu nao ukalala chini. Nimepanga viti kwenye harusi na kwenye matanga, kwenye ufunguzi wa mambo na kwenye ufungaji wake, na sijawahi kuwachukia watu waliovikalia kama nilivyowachukia siku ile.

Waziri alirudi kwenye kipaza sauti.

“Zoezi limefanikiwa sana kwa upande wa moto,” alisema. “Kwa upande wa maji, tumejifunza. Na kwa kuwa gari halikuzima, uzinduzi haujakamilika. Utepe urudishwe.”

Fundi cherehani akaitwa, akashona vipande viwili vya utepe kwa uzi mwekundu, vizuri kabisa, usingejua. Kisha mshereheshaji akasoma kwenye ratiba yake kwamba sasa ni neno la shukrani kutoka kwa mnufaika. Nilimpelekea Nyamizi kiti. Hakukaa. Akakishika kipaza sauti kama mtu anayepewa kitu kichafu.

“Ule moto wa mlimani tuliuweza,” alisema, na akakirudisha.

Waziri, ambaye anajua uwanja uliokasirika unavyonuka, alitangaza hapo hapo kwamba serikali itamjengea Nyamizi nyumba ya matofali na bati.

*

Na serikali ikajenga, tusiwe wachoyo wa sifa. Matofali, bati, madirisha ya vioo, na mlango wa mbao ngumu, pale pale palipoungua. Kazi iliisha kabla ya mvua. Siku ya mwisho mafundi wakapiga deki, wakafunga mlango kwa komeo la nje lisilo na kufuli, wakakatiza utepe mbele yake, fundo mfano wa ua. Mheshimiwa Waziri angekuja kuizindua wiki inayofuata.

Wiki inayofuata kwetu ni kipindi kirefu. Mvua zikaanza, Nyamizi akatandika mkeka barazani, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake, miguu kwenye matone. Majirani walimkaribisha kwao, akakataa. Alisema alishawahi kuondoka kwenye nyumba akaikuta ina watu. Mgambo alipita kila siku kuhakikisha utepe uko salama. Akikuta umelowa anaukamua. Nilimpelekea viti viwili ili alale kwa kuviunganisha, na Bwana Kitundu akaniandikia barua ya onyo kwa matumizi mabaya ya viti vya sherehe. Mvua zikaisha. Nyasi zikaota juu ya Mlima Kibwe mpaka usawa wa kifua, kisha jua likarudi, zikakauka.

Asubuhi moja mgambo alikuta utepe uko chini, na ndani ya nyumba mtu anakoroma.

Bwana Kitundu aliitisha kikao cha dharura, na kwa kuwa hakuna kikao bila viti, nami nikawapo. Nyamizi alisimamishwa mbele ya meza. Uso wake ulikuwa umenawiri, uso wa mtu aliyelala mahali pakavu.

“Unafahamu kosa lako?”

“Sijaambiwa.”

“Umekata utepe wa taifa. Umejifanya mgeni rasmi. Nani alikuruhusu?”

“Nilikuwa na usingizi.”

Bwana Kitundu alitutazama sisi wajumbe, ili tuone jinsi nchi inavyoharibika. “Umeukata kwa kitu gani?”

“Panga.”

“Hicho ni kielelezo. Liko wapi?”

“Nimemwazima Mwinshehe, yule dereva,” alisema Nyamizi. Alikuwa anatazama dirishani, na mimi nikatazama alikotazama. Juu ya Mlima Kibwe uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda. “Alisema ataanzia kisimani.”

Bwana Kitundu alifungua kinywa kuuliza kisima gani, na hapo hapo king'ora kikalia.

Akaruka kwenye kiti. Akalivaa koti mkono mmoja, akaniuliza zulia liko wapi, kwaya iko wapi, nani amepokea taarifa akakaa nayo. Askari wa mlangoni alishapiga saluti. Tukatoka nje mbio, tukajipanga barabarani kwa vyeo, na Bwana Kitundu akainamisha kichwa na kushika kifua. Gari jekundu likatupita kwa kasi, linamwaga maji pembeni kwa kujaa, utepe uliokatwa unapepea nyuma, majirani wamening'inia kwenye ngazi na ndoo zao. Likakata kona ya uwanja, likapandisha mlimani. Nyamizi alikuwa ameshalikimbilia, na mikono ikamvuta juu.

Vumbi lilipotulia Bwana Kitundu akainua kichwa. Barabara ilikuwa tupu.

“Amepita bila kusimama,” aliniambia, na sauti yake ilikuwa na machungu ya kweli. “Hata kutusalimia.”

Nikarudi ndani nikaanza kukunja viti.